"Bei njoo inboksi": kinachomsaidia mteja mtandaoni ni kipi hasa?

Ingia Instagram au Facebook, andika "dagaa wa Kigoma", usome matangazo machache ya mwanzo. Utadhani yote yameandikwa na mtu mmoja: picha ya dagaa wanaong'aa, "dagaa safi, hawana mchanga, tunatuma mikoa yote", namba ya simu, na mwisho kabisa "bei njoo inboksi". Sasa chukulia anayesoma ni mama ntilie wa Morogoro anayetaka kilo tano za kujaribia. Amepata nini hapo? Kwamba Kigoma kuna dagaa alikuwa anajua tangu utotoni. Bei haijui, kilo tano hajui ni mfuko wa ukubwa gani, hajui mzigo utakuja na basi au treni, na wala hana hakika kama huyo anayetaka kutumiwa hela yuko Kibirizi, Kigoma, kweli au yuko Mbagala, Dar es Salaam, na picha za kuokota. Anapita zake.

Muuzaji naye analalamika kwamba anaposti kila siku na hauzi. Ameambiwa aongeze posti, aweke hashitagi, atafute muziki unaovuma. Ushauri huo si wa uongo, ila unahusu kazi moja tu kati ya kadhaa. Tunaposema "maudhui" tunachanganya mambo manne kwenye kapu moja: kuonekana, kuvutia, kuaminika na kusaidia. Muziki unaovuma unakufanya uonekane. Picha nzuri inavutia. Lakini mtu hatoi hela yake kwa sababu amekuona. Anatoa pale kile kilichokuwa kinamzuia kinapoondoka, na mara nyingi kinachomzuia ni swali dogo ambalo hajapata pa kulijibia.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: maudhui yana manufaa yakimwezesha mteja kuamua, au kukitumia vizuri alichokinunua, bila kulazimika kukupigia simu. Yakishindwa hilo ni mapambo. Mapambo hayana ubaya, mradi usiyategemee yalipe kodi ya fremu.

Maswali yenyewe hayahitaji kubuniwa, tayari unayo kwenye simu. Chukua mazungumzo yako ya WhatsApp ya miezi michache, yapitie taratibu, uandike kila swali lililoulizwa na zaidi ya mtu mmoja. Muuza dagaa atakuta kitu kama hiki: Hawana mchanga kweli? Ni wa lini? Mbona wiki iliyopita bei ilikuwa chini? Nikiwa Mbeya wanafika baada ya siku ngapi? Nauli ya mzigo analipa nani? Halafu lipo lile ambalo watu wanaliuliza kwa kuzungukazunguka kwa sababu ya adabu: nitajuaje kwamba hunipigi?

Tulichukue la mchanga tulitazame kwa karibu, maana ndilo linaloonyesha tofauti. "Hawana mchanga" kila mtu anaweza kuandika, hata mwenye dagaa wanaokwaruza meno. Jibu linalosaidia linaanzia ziwani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Asubuhi mitumbwi inapofika mwaloni wanaanikwa, ama chini kwenye mchanga na changarawe za ufukweni, ama juu ya chanja za wavu. Wa chini wakinyeshewa au wakigeuzwa ovyo wanabeba mchanga. Wa kwenye chanja wanapata hewa juu na chini, wanakauka sawasawa, na mchanga hauna pa kuwafikia. Muuzaji aliyeeleza haya na kuweka video fupi ya chanja zake haapi tena kwamba dagaa wake ni safi, mteja anaona mwenyewe. Akiongeza kwamba anao pia wa kuanikwa chini, wa bei nafuu, wanaotaka kuoshwa mara mbili tatu kwa maji ya uvuguvugu, amefanya jambo ambalo wauzaji wengi wanaliogopa: amempa mteja sababu ya kutochukua mzigo wa gharama. Mwenye kibanda cha chakula atachukua wa nafuu kwa sababu ana msaidizi wa kuosha, na anayempelekea mama mkwe zawadi atachukua wa chanja. Wote wawili wananunua, na hakuna atakayerudi na malalamiko.

Swali la bei nalo lina jibu lililokaa angani. Kwenye mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri kwa sababu ziwa zima lina mwanga, kwa hiyo uvuvi unapungua na bei inapanda. Giza likirudi, mzigo unarudi. Kigoma hata mtoto wa shule anajua. Mteja wa Dodoma hajui, na akiona bei imepanda ndani ya wiki mbili anachokiona ni tamaa. Aya moja ya kueleza jambo hili, ikibandikwa juu ya ukurasa isitoke, inafanya kazi kila mwezi bila kuandikwa upya.

Kwenye mawese maswali ni mengine, na nusu yake yanakuja baada ya hela kutoka. Mtu wa Njombe anapokea dumu mwezi wa saba, anafungua, anakuta mafuta yameganda. Anapiga simu kwa hasira: yamechanganywa! Hayajachanganywa. Mafuta ya mawese karibu nusu yake ni aina ya mafuta yanayoganda kwenye ubaridi wa kawaida, kwa hiyo Kigoma kwenye joto yatakuwa laini na Nyanda za Juu yatakuwa mazito. Ukiliweka dumu juani au kwenye maji ya moto yanarudi. Mwingine anapima dumu la lita 20 kwenye mizani, anapata kama kilo 18, anaamini ameibiwa lita mbili, wakati mafuta ni mepesi kuliko maji na lita moja haifikishi kilo. Wa tatu anayachemsha mpaka wekundu uishe, kama alivyozoea kuona kwao, bila kujua kwamba wekundu ule ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Mambo haya matatu ukiyaweka kwenye karatasi ndogo iliyofungwa na dumu, na maneno yaleyale yakakaa mtandaoni, umejiondolea simu za saa nne usiku.

Wenzetu wa Tabora wanaouza asali wana balaa lilelile kwa upande wa pili: lita moja ya asali inakaribia kilo moja na nusu, na asali halisi huganda pia, hasa kwenye baridi, halafu mteja anasema ni sukari guru.

Sasa turudi kwenye "bei njoo inboksi", ambayo nakiri inaniudhi kuliko inavyostahili. Wanaoifanya wana sababu. Bei ya dagaa inabadilika, na aliyeandika bei ya wiki iliyopita atabanwa nayo. Wapinzani wanachungulia. Wengine wanapenda kupatana, na kupatana ni sehemu ya biashara yetu. Wapo pia walioambiwa kwamba ujumbe ukiwa mwingi ukurasa unapandishwa. Sababu hizi zina uzito, ila gharama yake haionekani kwenye simu ya muuzaji, kwa kuwa aliyeona aibu kuuliza hakuacha alama. Mtu mwenye elfu kumi mfukoni hapendi kuingia inboksi, kusubiri, kuambiwa kilo ni elfu kumi na nane, kisha kutafuta namna ya kuaga. Anaondoka kimya, na wewe unadhani soko limelala.

Hofu ya bei kubadilika dawa yake ni tarehe. Tazama tofauti. Hili ni tangazo la kawaida:

"Habari za muda huu wapendwa wateja wetu, ni matumaini yetu mu wazima wa afya. Tunapenda kuwatangazia kuwa mzigo mpya wa dagaa orijino wa Kigoma umeingia. Wahi sasa kabla haujaisha! Bei njoo inboksi."

Na hili ni lilelile likifanya kazi, bei zikiwa za mfano:

"Dagaa wa Kigoma walioanikwa kwenye chanja, mwalo wa Katonga. Bei ya leo Jumanne: kilo Sh 18,000, kuanzia kilo 10 ni Sh 16,500 kila kilo. Inadumu hadi Ijumaa, kisha uliza. Vichwa havijatolewa. Picha ya pili ni kilo moja kwenye sahani ya wali, uone ujazo. Ukilipa kabla ya saa nane mchana mzigo unafika stendi siku hiyohiyo na unatumiwa picha ya risiti ya basi. Nauli ya mzigo unailipa unapopokea. Lipa namba itasoma jina la duka; ikisoma jina la mtu usitume."

La pili halina salamu, na najua kuna watakaoona ni ukavu. Salamu ni adabu kwa aliyekuja kwako. Anayepitisha kidole kwenye skrini bado hajaja. Mtafiti Jakob Nielsen alieleza mwaka 1997, intaneti ikiwa bado changa, kwamba asilimia 79 ya watu aliowajaribu walikuwa wanapitia ukurasa juujuu badala ya kuusoma neno kwa neno, na hiyo ilikuwa kabla ya simujanja na bando la saa moja. Jibu likae juu. Salamu mpe mtu akishakuandikia, tena umpe kwa kirefu: "Shikamoo mama, karibu sana." Hapo ndipo mahali pake.

Kuna kosa jingine dogo linalokula wateja wengi: kuandika kila kitu ndani ya picha. Bango zuri, rangi za kuvutia, bei na namba ya simu zimo ndani ya picha hiyo. Mteja hawezi kunakili namba kirahisi, anaikariri huku akihama programu, anakosea tarakimu moja. Anayetafuta "mawese jumla Kigoma" anaweza asikuone, kwa sababu utafutaji unategemea sana maandishi ya kawaida. Asiyeona vizuri, anayetegemea simu imsomee, anaweza kuambulia neno "picha" tu. Na mwenye bando dogo anasubiri picha ifunguke, haifunguki. Picha ionyeshe kitu, maandishi yaseme maneno.

Halafu suala la mahali. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo inafaa kwa habari za leo: mzigo umeingia, bei ya leo, gari limechelewa. Maelezo ya mawese kuganda ukiyaweka kwenye stetasi umeyatupa, kwa kuwa atakayeyahitaji atakuja mwezi wa saba. Hayo yanataka mahali pa kudumu: posti iliyobandikwa juu, ukurasa wa tovuti kama unao, au katalogi ya WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018 na isiyolipiwa kuipakua. Humo kuna kipengele cha majibu ya haraka, ambacho watu wengi wanakiruka. Jibu la "nauli analipa nani" unaliandika mara moja, unalipatia jina fupi, na kila ukiulizwa unaliita. Jinsi ya kukufikia iweke kwenye ramani ya Google, uhakikishe alama imekaa pale ulipo kweli. Duka lililoko Mwanga, hapa Kigoma, lisisomeke liko Ujiji.

Nyumba za wageni na watembeza watalii wana ugonjwa wao. Ukifungua kurasa nyingi za aina hiyo hapa kwetu, kinachokukaribisha ni Livingstone na Stanley kukutana Ujiji mwaka 1871, kisha mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika Gombe mwaka 1960, kisha meli ya Liemba iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Ni historia tunayojivunia, ila mgeni ameshaisoma. Ndiyo iliyomfanya atutafute. Anachokosa ni hiki: Gombe hakuna barabara, unafika kwa boti, je, boti ya abiria inaondoka Kibirizi saa ngapi na ya kukodi ni bei gani? Ziwa likichafuka nikashindwa kurudi siku ile, nalala wapi na nani analipa? Chumba kina maji ya moto? Umeme ukikatika kuna jenereta? Treni ikifika usiku mna mtu wa kunipokea? Mwenye kujibu hayo matano kwa maneno ya kawaida atalaza wageni wengi kuliko mwenye aya kumi za Livingstone.

Na hapa ndipo mashine za kutafuta zinapoingia. Mwezi Agosti 2022 Google ilitangaza mfumo wa kushusha kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya kuifurahisha mashine badala ya kumsaidia mtu, na Machi 2024 ikaueleza kuwa sehemu ya mfumo wake mkuu wa kupanga matokeo. Hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Bangalore anayejua undani wa mfumo ule, kwa hiyo anayekuahidi kukuweka namba moja kwa wiki mbili muulize mara mbili. Lakini mwelekeo unaeleweka: aya zilizonakiliwa kutoka kurasa nyingine hazina thamani, maana zipo tayari. Akili mnemba imefanya kunakili kuwe rahisi zaidi. Ukiiomba ikuandikie kuhusu dagaa itakupa aya laini zisizo na kosa la herufi, na hakuna hata moja itakayosema kwamba jana mvua ilipiga chanja za Katonga na mzigo wa leo haukukauka vizuri. Itumie kunyoosha sentensi ukitaka. Habari lazima itoke mwaloni.

Tumebakiza uaminifu, ambao kwa nchi hii ni mada nzito. Kila mwenye simu ameshapokea "ile hela tuma kwenye namba hii". Mteja anayesita hana roho mbaya, ana uzoefu. Picha za "wateja wetu wenye furaha" zinasaidia kidogo, kwa sababu tapeli naye anazo. Kinachopunguza hofu ni vitu vinavyoweza kuhakikiwa: upo wapi, jina litakalosomeka kwenye malipo, risiti ya basi, na maelezo ya wazi kuhusu mzigo ukiharibika njiani. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, lolote linaweza kutokea. Andika mapema nani anabeba hasara ya dumu lililopasuka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki ampe mnunuzi taarifa zinazomtambulisha yeye na bidhaa yake, kwa hiyo kujificha nyuma ya namba ya simu hakumpendezi mteja na hakukulindi wewe.

Kuna tabia moja niipige vita hapohapo: kuposti picha ya mazungumzo na mteja, jina na namba yake vikionekana, ili kuonyesha kwamba mzigo ulifika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu mambo ya namna hiyo. Omba ruhusa, funika jina na namba, au acha. Mama aliyenunua mawese hakuomba kuwa tangazo.

Wakati mwingine chenye manufaa kuliko vyote ni kusema huna. Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mteja wa mbali alihitaji kuelezwa kwamba mzigo ulioko sokoni ni wa akiba, umekaushwa lini, bei imepanda kwa nini, na oda mpya zitaanza kupokelewa lini. Ukurasa ukinyamaza miezi mitatu, mteja anahesabu umekufa na anatafuta mwingine. Ukisema wazi na kumwandikia jina kwenye orodha ya watakaopigiwa simu ziwa likifunguliwa, unaanza msimu ukiwa na wanunuzi mkononi.

Utajuaje kama yote haya yanafanya kazi? Usihesabu laiki, rudi kwenye orodha ya maswali. Baada ya mwezi au miwili tazama ni yapi yamepungua. Yakipungua ya "bei gani" na kuongezeka ya "naomba kilo kumi, niko Singida", mambo yanakwenda. Swali likiendelea kuja na jibu lake umeliandika, basi limekaa chini sana au limeandikwa kwa lugha ya ofisini. Lipandishe juu, likate nusu, umpe mtu asiye wa biashara yako alisome kwa sauti. Akikwama mahali, hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.